Kisichosogea Hufutwa

Ngo!

Mlio mmoja tu, kutoka chini ya maji. Amatullah akainua macho kutoka kwenye kompyuta. Giza lilikuwa zito juu ya ngazi za mawe zishukazo baharini, nyuma ya Mji wa Kale.

"Umesikia?"

"Samaki amepiga hodi," akajibu Ngowa, mwenzake wa kazi, waya wa chombo mkononi. "Mkaribishe."

Amatullah hakucheka.

Ulikuwa usiku wao wa saba kuteremsha hadubini ya majini. Planktoni, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, hupanda juu giza likiingia. Mwanga wa leza ulipita kati ya vioo viwili. Kilichopita hapo kiliacha kivuli, duara ndani ya duara, na kompyuta ikakigeuza kuwa picha. Lakini kwanza ilifuta kila kisichosogea. Kisichosogea ni uchafu wa kioo. Ndivyo walivyofundishwa.

Mlio ule ulimfanya afungue picha mbichi, ambazo hazijafutwa kitu.

Usiku wa kwanza, doa pembeni. Wa tatu, doa lilikuwa limeingia ndani zaidi. Wa tano... mistari, imejipinda, imebanana.

Leo, katikati kabisa.

Alama ya dole gumba.

"Ni langu hilo," Ngowa akanong'ona. "Nilikishika kioo."

"Nilikipangusa mwenyewe. Na picha za mwanzo za leo ni safi, tazama. Limegusa chombo kikiwa chini."

Kovu lilikata mistari ile, jembamba, mfano wa mwezi mwandamo. Amatullah alilijua. Ndugu yake mdogo alijikata kwenye mbuzi ya nazi, akiwa na miaka kumi. Mwaka uleule akapiga mbizi kwenye ngazi hizi hizi.

Hakuibuka.

Mganga akamwonya mama yao: aliyezama bila maiti kuonekana asiitwe jina. Akiitwa ataitika, na hataitika peke yake. Miaka kumi na miwili sasa, nyumbani hutajwa "yule" tu.

"Ni yule," akamwambia Ngowa, aliyekijua kisa.

Ngowa akaiweka picha kwenye ukubwa halisi, akaweka dole gumba lake juu yake. Vikalingana.

"Huyu si mtoto," akasema.

Kidole kilikuwa kimekua.

Harufu ya nazi iliyokunwa ikapanda kutoka majini.

"Mbona mumenyamaza kama mulioona jini?" Ni Bi Jannat, mamake Amatullah, na chupa yake ya chai kama kila usiku. Amatullah akaifunika skrini. Alichelewa. Mama ndiye aliyelifunga jeraha lile kwa kitambaa.

"Amekuwa mtu mzima," akasema, karibu kwa furaha. "Nani kamlea huko?"

Waya ukakaza mkononi mwa Ngowa. Taratibu, kama mtoto avutavyo nguo ya mamake.

"Mama, twende nyumbani. Mganga alisema..."

"Mganga hakumzaa."

Akavua viatu, akashuka ngazi mbili. Maji yakamfika vifundoni. Amatullah akamkamata buibui, jicho moja kwenye skrini, ambako picha mpya zilikuwa zinaingia. Alama mbili. Nne. Kumi na moja, zimepandana, kubwa na ndogo, nyingi hazina kovu.

"Mama, usimwite! Hayuko peke yake!"

Bi Jannat akainama. Akayasemesha maji kwa sauti ya chini, kama anayemwamsha mtoto kwenda chuoni kusoma Kurani.

"Hussam."