Wageni wa Mzee Reg

Katika nyumba ile ya wazee, Seven Hills huko Sydney, mlango mmoja tu haukugongwa. Mzee Reg alikuwa ameomba hivyo: ingia tu, usibishe. Wahudumu waliona ni ukorofi wa uzee, wakamwacha na lake. Kwa hiyo mlango ulipogongwa alasiri ile, Ikupa, mmoja wa wahudumu hao, alipaswa kushtuka. Hakushtuka. Korona ilikuwa imemmaliza nguvu. Alikuwa ameosha maiti wengi mno majira yale ya baridi hata moyo ukaota sugu. Alikuwa anatandika shuka, akaitika bila kufikiri, kama mtu yeyote aliyelelewa Tukuyu:

"Karibu!"

Hakuingia mtu. Iliingia harufu ya petroli, na baridi iliyogandisha chai kikombeni.

"Umewaambia nini?" Mzee Reg alinong'ona.

"Nimewakaribisha tu, babu."

Mzee akafumba macho. Wakati wa vita, akiwa kijana wa miaka ishirini, alikaa mkiani mwa ndege kubwa ya mabomu, peke yake na bunduki zake. Ndege iliposhika moto juu ya Ujerumani, aliruka na mwavuli. Wenzake sita waliungua. Tangu hapo walimfuata kila alikohamia, wakigonga, naye hakuthubutu kuwaitikia.

"Wanataka kiti cha nyuma kijazwe," alisema. "Binti yangu, kwa ajili ya korona, ameruhusiwa leo aje dirishani tu. Tafadhali, nimwone kwanza."

Ikupa akachungulia nje. "Aketch, nani amebisha hapa?"

"Aki sijui," alijibu Aketch, Mkenya aliyefanya naye kazi. "Corridor iko empty, huku nje niko solo."

Ikupa akampigia mama yake simu. "Mama, nimekaribisha wasioonekana."

"Mgeni hafukuzwi, mwanangu. Aliyemkaribisha ndiye humsindikiza. Nenda nao mpaka wakuambie rudi. Wasiposema, usigeuke."

"Twendeni, niwasindikize," Ikupa alisema, akatoka, na nyuma yake zikaanza nyayo za mabuti mazito, na harufu ya petroli ikageuka harufu ya nywele zinazoungua, na pumzi za watu wengi zikamgusa shingoni, baridi tupu, hata akaogopa, akashangaa kwamba bado anaweza kuogopa.

Uani alimwona binti wa Mzee Reg ameweka kiganja kwenye kioo, na mzee ndani ameweka chake. Ikupa alifurahi, kidogo.

Getini alisimama, ili wageni waseme kile ambacho mgeni yeyote wa kwao Tukuyu husema: asante, inatosha, rudi sasa. Hawakusema. Vijana wale walizaliwa Sydney, nani angewafundisha?

"Ikupa!" Aketch aliita kutoka mlangoni. "Unaenda wapi? Shift haijaisha!"

Hakuweza kugeuka. Alipita stesheni, akapita maghala yaliyofungwa, mabuti nyuma yake, vidole vimekufa ganzi wala havimuumi. Kwenye uwanja usio na kitu injini za ndege ziliwaka, moja baada ya nyingine, na Ikupa, ambaye bado hajaambiwa rudi, akazifuata.