Petroli ya Mjomba

Usigeuze uso. Kile kituo cha mafuta unakijua. Unajua petroli yake inachanganywa na mafuta ya taa na maji ya pipa. Ambulensi ilizimika mlimani ikiwa na mama mwenye uchungu, ukasema bahati mbaya, kisha ukaenda kujaza tangi palepale. Eti ni bei rahisi. Basi sikiliza.

SAA MBILI ASUBUHI. Chumba cha nyuma cha kituo hichohicho. Kinanuka mafuta ya taa na jasho. Mwenye kituo, wanayemwita Mjomba, alichora mezani kwa kidole chenye grisi: duka la sonara, barabara ya mlimani, njia ya machimbo.

"Tunaingia mimi na Fundi. Dereva anabaki na gari, injini inanguruma. Swali?"

"Gari linazimika," Dereva alisema. "Jana mara mbili. Ukilisubiri kidogo linawaka, utadhani halijafanya kitu."

"Kama mkeo."

Mjomba alicheka peke yake. Mke huyo alikuwa dada yake Fundi, na tumbo lilikuwa kubwa.

Fundi alikuwa ameshalichunguza gari. Cheche zipo. Pampu nzima. Lakini chujio alipolipuliza lilitema maji meusi na kutu.

"Ni tangi, Mjomba. Limejaa uchafu. Likipanda mlima pampu inavuta kwa nguvu, uchafu unaiziba mdomo, injini inakosa petroli. Likizima, uchafu unaanguka chini, linawaka tena. Chujio jipya halitoshi. Tulishushe tangi, tulioshe, tujaze petroli ya kwingine."

"Ya kwingine?" Mjomba alimsogelea hadi pua zikakaribia kugusana. "Yangu ina nini? Sema."

Aliyekuwa akiichanganya, kwa ndoo na mpira, ni Fundi mwenyewe.

"Haina kitu."

"Basi jaza hiyohiyo."

Dereva akamtazama. "Shemeji?"

"Litafika," Fundi alisema, macho sakafuni.

SAA NNE NA NUSU. Vioo vilipasuka. Sonara alilala kifudifudi, akajikojolea. Mjomba alimkanyaga vidole bila sababu yoyote. Mfuko ukajaa. Wakatoka mbio.

Mlimani gari likakohoa. Likakohoa tena. Likafa.

"Washa, mbwa wewe!"

"Si ndiyo nawasha!"

Stata ilizunguka bure. King'ora kilikuwa kinapanda mlima. Watu walikuwa wanasogea, mawe mkononi. Mjomba alishuka na mfuko, akamwekea mwenye pikipiki aliyekuwa akipita bastola shavuni, akamshusha.

"Fundi! Panda!"

"Shemeji, usiniache," Dereva alisema, mkono bado kwenye ufunguo. "Linataka kusubiriwa kidogo tu."

Fundi akapanda.

Hakuna aliyemsubiri. Jiwe la kwanza lilipasua kioo cha mbele. Polisi walipofika walikuta mtu wa kufunika turubai. Askari mmoja akaingia ndani alisogeze gari pembeni.

Liliwaka mara moja.

KESHO YAKE, SAA MBILI. Kituo kiko wazi. Dada mtu amesimama kando ya pampu, ameshika kiuno.

"Kaka, mume wangu ulimpa gari la namna gani?"

Fundi hainui uso. Ana mteja.

Mteja huyo ni wewe. Chomoa huo mpira. Kinga petroli kwenye chupa ya kioo, iache itulie, utazame maji yakijitenga chini. Inyanyue foleni nzima ione. Asiondoke mtu mpaka pampu zifungwe. Usiseme kesho. Mwanamke amesimama mbele yako: shusha kioo, toka garini.