Kiti cha Meneja

Msumeno ulianza kuzunguka na stima imepotea, taa zote zimezima.

Nyawira, aliyekuwa akipanga mbao katika kiwanda kimoja pale Gatitu, alimtazama mumewe Kingori, fundi wa msumeno huo. Kingori aliinua mikono kuonyesha kwamba hajagusa kitu. Harufu ya nywele zilizoungua ikawajaa puani.

"Ameamka vibaya," Kingori alinong'ona. "Usimwangalie machoni, mama Shiku."

Alimaanisha Moffat, meneja wao. Alipoajiriwa alisalimia kila mtu kwa jina. Aliyemtangulia pia alikuja mpole, akaondoka amefungwa kamba. Moffat naye alikaa kidogo katika ile ofisi ya ghorofani, akaanza matusi, kisha makofi, kisha kufuta watu kazi asubuhi na kuwaita jioni ili awafukuze upya mbele ya wenzao.

Mlango wa ofisi ulifunguka kwa kishindo. Moffat aliteremka ngazi bila viatu, akihema kama fahali, akamkaba shingo mzee Wahome, mpakiaji wa magogo.

"Nani amekuambia upumzike?" aliunguruma, na chini ya sauti yake kulikuwa na nyingine, ya mwanamke anayecheka.

Kingori alimrukia, akatupwa ukutani kwa mkono mmoja. Moffat akausukumiza mkono wa Wahome kwenye msumeno; mzee alipiga yowe ulipomla vidole, damu ikatapakaa juu ya mbao, na waliokimbilia lango wakalikuta limejifunga lenyewe, na Nyawira, asijue alipopata nguvu, akaokota ubao akampiga meneja mgongoni, akampiga tena na tena, mpaka ubao ukavunjika na yule mtu akageuka polepole akamtabasamia.

"Mama," ilisema ile sauti ya kike, "unapiga nyumba. Mwenye nyumba haumii."

Ndipo lango lilipong'oka. Abdiweli, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Nanyuki, alikuwa amefuata mbao za zizi. Kwao ndiye aliyekuwa akiwatoa majini watu waliopagawa. Aliposikia mayowe alilivunja lango kwa lori lake. Alimkalia Moffat kifuani, akamsomea Kurani sikioni huku wengine wakiibana miguu yake. Moffat alijipigiza sakafuni hadi mkono ukavunjika, akatapika maji meusi, halafu akalia kama mtoto. Msumeno ukasimama.

"Ametoka?" Nyawira aliuliza.

"Kwa huyu, ndiyo. Lakini makao yake ni kile kiti cha ofisini huko juu. Msikalishe mtu tena," Abdiweli alisema, akiutazama mlango wazi wa ghorofani.

Kesho yake, Wahome akiwa hospitalini, mwenye kiwanda alipiga simu: Kingori ndiye meneja mpya.

"Kataa, baba Shiku. Tafadhali."

"Nikikataa ataleta mwingine, atumalize. Mimi angalau namjua huyo jini. Nitajichunga."

Alipanda ngazi, akafunga mlango. Nyawira alibaki chini, ameshika ukuta. Alisikia kiti kikivutwa, kisha mumewe akiongea taratibu, kwa adabu, kama mtu aliye mbele ya mkubwa wake.

"Ndiyo, madam," alisema. "Nianze na nani?"

Hakusikia jibu. Alisikia tu Kingori akiita, "Nyawira! Hebu panda."