Mgeni Aliyealikwa Pangoni

Zuwena hakupika pweza, lakini nyumba yao ya ughaibuni, Walthamstow, ilinuka pweza wa kuchoma, na ndani ya mbavu zake kulikuwa na mtu anatafuna.

Mwezi uliopita Abdulsamad, mumewe, alimpeleka kisiwani Saiprasi. Msidhani fungate! Alimtembeza magofuni juani, mikoba yote begani kwa Zuwena. Ikifika saa ya kula, bwana huagiza pweza, zeituni na jibini la kukaanga, sahani moja, yake.

"Wewe ushanenepa, bibi. Kunywa maji."

Siku ya mwisho, kwenye pango lenye mti uliofungwa vitambaa, Zuwena alikuta mkate na asali juu ya jiwe. Mtu wa Makunduchi kama yeye haambiwi kuwa chakula cha pangoni ni cha majini. Lakini njaa haina mwalimu. Akapiga hodi, akala. Alipomaliza, adabu za kwao zikamponza:

"Ahsante. Nawe karibu kwetu."

Akaja.

Tangu hapo Zuwena akawa anakula anakonda, anakula anakonda. Na Abdulsamad, aliyemnyima mkewe hata zeituni moja, akawa, kwa hofu, anamlisha jini aliyemo ndani yake kwa mikono miwili: "Kula, mkubwa, kula."

Jumapili mchana akaja Bi Mwanakheri, fundi wa majini kutoka Peckham. Alitoa betri za king'ora cha moshi, akafukiza ubani, na mapazia yakaanza kuvuta pumzi kana kwamba chumba kina kifua, na ile harufu ikawa nzito, ikawa ya chumvi, ikawa ya maji yaliyolala gizani miaka na miaka, mpaka mdomo wa Zuwena ukafunguka wenyewe na sauti isiyo yake ikatoka polepole.

"Nimealikwa. Mgeni hafukuzwi."

"Wataka nini?" fundi akanong'ona.

"Kiti kingine. Mwili huu umekwisha."

"Jini asipohama leo, mkeo hafiki kesho," fundi akamwambia Abdulsamad. "Nani atampokea?"

Kidole cha Abdulsamad kikanyooka kuelekea ngazini, aliposimama binti yao Salha.

"Mtoto ana damu changa. Atastahimili."

"Dad?" akasema Salha.

Huko chini alikozama ndani ya mwili wake, Zuwena alisikia. Akapanda, kucha kwa kucha, mpaka akaipata sauti yake.

"Fundi, zima ubani. Mgeni wangu haendi popote." Kisha, taratibu, akamwambia yule wa ndani: "Leo tunakula pamoja."

Kidole cha Abdulsamad kilikuwa bado kimenyooka Zuwena alipokidaka kwa meno.