Samaki Walioacha Kupigana

Watu watatu waliokuwamo katika nyumba ile ya mlimani, Ngara mjini, walihojiwa kila mmoja peke yake, na maelezo yao yalikutana katika haya: kwamba msimu wa mvua wa mwaka wa tisini na tano, sebuleni palikuwa na tangi kubwa la kioo lenye maji ya chumvi, kwamba humo waliishi chewa, mkunga na kikande, samaki wa bahari wasiovumiliana, na kwamba asubuhi moja samaki hao waliacha kupigana. Yaliyosalia yana ushahidi wa uzito mbalimbali.

Mwenye samaki alikuwa Mhandisi Mbaraka, mtu wa Tanga, aliyeajiriwa na shirika moja la misaada kuchimba visima katika kambi za wakimbizi. Aliwaleta kwa ndege ya mizigo, ndani ya mifuko ya plastiki, akawaweka pamoja kinyume cha kila ushauri, kwa kuwa tangi lilikuwa moja. Chewa humeza chochote kinachoenea kinywani mwake. Kikande hung'ata mapezi ya jirani. Mkunga hukaa pangoni akisubiri. Waliishi kwa kanuni za Mbaraka: kila mmoja alishwe kwenye kona yake kwa koleo refu, mawe yahamishwe mara kwa mara, asiwepo wa kujiona mwenye eneo, mkono wa mtu usiingie majini kamwe.

Aliyewalisha ni mpishi, Niragira, mwanamke mkimbizi wa Burundi. Alianza kuvuka Mto Ruvubu akiwa ameshikana mkono na dada yake, Uwimana, akafika ng'ambo peke yake. Kwao, baada ya maziko, waombolezaji hunawa mikono pamoja nyumbani kwa marehemu; kwa kunawa huko kifo hukubaliwa. Niragira alikataa kunawa. Hajaona maiti, alisema, hana msiba. Kila Jumapili alikwenda kambini kuwauliza waliovuka karibuni.

"Nyumba hii samaki wanaandaliwa chakula," dereva Danstan, Mhangaza wa Murusagamba wilayani humo, alizoea kumtania. "Kwetu samaki ndiye chakula."

"Basi nenda ukale wa mtoni, kaka."

Hapo utani huishia. Tangu maiti za waliouawa ng'ambo zilipoanza kuelea mtoni, hakuna aliyekula samaki wa mto ule wala kunywa maji yake.

Kosa lilitokea hapo. Maji ya tangi yalitakiwa kubadilishwa, barabara ya kwenda chemchemi ilikuwa imekatwa na maporomoko, na maji ya visima yote yalikwenda kambini. Danstan akajaza mapipa mtoni, asimwambie mtu. Hoja yake baadaye ilikuwa hii: kilichokatazwa ni kula na kunywa, samaki hawa hawaliwi, na maji yangetiwa chumvi. Kama hoja, haina kasoro.

Asubuhi iliyofuata samaki watatu walikuwa wamelala ubavu kwa ubavu, vichwa vyote vikielekea mlango wa jikoni. Nyama ilizama bila kuguswa. Mbaraka alihamisha mawe, hawakutikisika. Sebule ilinuka matope na mafunjo.

"Wanaumwa, Bwana?" Niragira aliuliza.

"Samaki mgonjwa hujitenga," Mbaraka alisema kwa sauti ya chini. "Hawa wamepangwa."

"Na nani?"

Mbaraka alifunika tangi kwa shuka, akaanza kusoma dua taratibu.

Harufu ina maelezo: ni maji ya mto. Kugongagonga kioo kulikofuata nako kuna maelezo, maana kikande ana meno magumu. Suala la jina lililoitwa ni zito zaidi, na shahidi wake ni mmoja, tena mwenye majonzi; udhaifu huo haufichwi. Niragira alieleza kwamba alasiri moja ya ukungu, jenereta imezimwa na pampu ya hewa imenyamaza, alisikia kutoka chini ya shuka sauti nyembamba yenye maji ndani yake ikimwita Gatoya, jina la utotoni alilokuwa akiitwa na Uwimana pekee, ikamwita tena na kumwambia nipe mkono, polepole, kama mtu anayechoka, na yeye, akijua kanuni na akijua meno yaliyokuwamo, akafunua shuka na kuuzamisha mkono, ambao Mbaraka alipoingia aliukuta majini hadi kwenye kiwiko, chewa, mkunga na kikande wamevikamata vidole bila kuvikata, na wote watatu, kwa pamoja, wakirudi nyuma na kuuvuta.

Mbaraka alimvuta mpishi kwa nguvu zake zote. Wakaanguka sakafuni.

"Ni dada yangu," Niragira alinong'ona.

"Dada yako hana haja ya midomo ya samaki. Huyu ni jini, amepata jina la mtu asiyezikwa. Mzike dada yako, la sivyo jini atakuchukua."

"Sina mwili wa kuzika."

"Una mikono. Inawe."

Alimmiminia maji ya mvua katika beseni. Niragira alinawa, akatamka kwa Kirundi kwamba Uwimana amekufa. Hajajifuta mikono, maji yakaruka tangini: kikande alikuwa amempasua chewa pezi, na mkunga ametoka pangoni meno yakiwa wazi. Mbaraka aliona damu ile akamshukuru Mungu.

Asubuhi yake Danstan aliingia kuchukua mapipa matupu. Samaki wakaacha kupigana. Wakageuka, wakajipanga, wakamtazama yeye.

"Danstan," Mbaraka alisema taratibu, "haya maji ulichota wapi?"

"Mtoni, Mhandisi."

"Uliona nini huko?"

Danstan aliketi juu ya pipa. "Palikuwa na mwanamke kwenye mafunjo. Maji yamemfika shingoni. Nilidhani ni maiti, mpaka akanyoosha mkono na kuita. Nikasema moyoni, huyo ni jini, maiti haiiti. Nikawasha gari."

"Aliita nini?"

Danstan alitazama mlango wa jikoni. Niragira alikuwa akiosha vyombo. "Gatoya," alisema, karibu asisikike.

Inawezekana alilisikia jina hilo humo nyumbani. Lakini Niragira alisisitiza kwamba hakuwa amemtajia mtu kabla ya siku ya kunawa, na siku hiyo Danstan alilala kambini. Wanaume wawili walishuka mtoni mchana ule. Walikuta mafunjo yaliyovunjika, na mto umejaa.

Niragira hajaambiwa. Ameacha kwenda kambini siku za Jumapili. Samaki hupigana kama zamani, ila Danstan akipita dirishani.

Kama aliyekuwa kwenye mafunjo ni jini, kunawa kulikuwa haki na Niragira ameokoka. Kama alikuwa mtu, basi Niragira alinawishwa mikono kwa ajili ya mtu aliyekuwa hai akiomba mkono, na kilichomo tangini kinadai chake kihalali. Wewe umesikia pande zote. Amua; na ukishaamua, sema ni nani atakayeingia jikoni kumwambia.