Mabaki ya Mzee Gooding

Jibini ya kwanza ilianza kutoa jasho siku ya tatu baada ya maziko ya mzee Ambrose Gooding. Thomasin, binti yake wa mwisho, aliifuta kwa kitambaa akajiambia labda ni unyevu. Lakini jibini ya Suffolk, ule mkoa wao wa Uingereza, haijui unyevu. Ni ngumu hata watu hutania kwamba panya wa huko wote ni vibogoyo. Na kwenye rafu ya pili, jibini za kaka yake Gilbert, za maziwa ya ng'ombe walewale, zilizokandamizwa kwa jiwe lilelile, zilikuwa kavu kama kawaida. Alikinusa kile kitambaa. Kilinuka makohozi.

Harufu hiyo asingeweza kuisahau. Miaka miwili alimuuguza baba yake, na miaka miwili alishika bakuli la udongo chini ya kidevu chake. Mzee alikuwa na tabia moja ya kuchefua. Akishatema, haondoi uso. Huchovya kidole gumba bakulini, akaligeuza lile donge huku na huku kuangalia rangi yake, kisha akajifuta kwenye aproni ya binti yake. Akiwa na afya alizigeuza hivyo hivyo sarafu, mayai, hata midomo ya farasi wa watu. Alikuwa mkulima mwenye shamba lake mwenyewe, hana bwana juu yake, na hakuna kitu chake alichokiachia kabla hajakigusa mara ya mwisho.

Siku ya wosia alikuja jirani yao Simon Fuller, aliyekuwa akiwaandikia watu wa kijiji chao cha Wexley mambo hayo. Alikunja mikono ya shati, akachovya unyoya kwenye wino.

"Tuanze na roho yako, mzee," alisema. "Kwanza, roho yangu naikabidhi kwa Mungu aliyeniumba. Ndivyo kila mtu anavyoanza."

"Anza na ng'ombe!" mzee alifoka. "Roho ina kwato? Itakimbilia wapi? Ng'ombe ndio watakaogombaniwa."

Thomasin, bakuli mkononi, alicheka. Simon naye alicheka, akaacha nafasi tupu juu ya karatasi, akasema wataijaza mwishoni. Basi mzee akagawa. Gilbert alipewa nyumba, mashamba, ng'ombe, plau na nusu ya jibini. Ursula, binti aliyeolewa kijiji cha pili, alipewa sufuria kubwa ya shaba na godoro la manyoya. "Na vyote vilivyobaki," alimalizia, "ambavyo sikuvitaja wala sikumpa mtu, ni vya Thomasin, kwa kunitunza." Akatia alama yake, akakohoa, akatema, akageuza kwa kidole gumba, akalala. Hakuamka tena. Ile nafasi ya juu ikabaki tupu, na hakuna aliyeikumbuka, maana kila mtu alikuwa na chake cha kubeba. Kufa kufaana.

Mabaki hayo yalikuwa mengi kuliko walivyodhani. Jibini ishirini, mapande ya nguruwe yaliyoning'inia kwenye dohani, sanduku la mashuka, gurudumu la kusokotea sufu, bata, ngazi, hata jiwe la kunolea. Gilbert alikasirika sana. Kupanda paa lake mwenyewe ilimbidi aombe ngazi ya dada yake. Kwa Thomasin, vitu hivyo vilikuwa mlango wa kutokea. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na Edmund Pask, mfumaji, mwanamume mpole mwenye nyumba safi, alikuwa amekubali kumuoa baada ya sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, mwishoni mwa Septemba. Alitaka jambo moja tu duniani: kutoka katika nyumba ile na kutomsikia baba yake tena.

Wiki ya pili jibini zote ishirini zilikuwa zikivuja maji mazito ya njano yaliyoshuka rafuni polepole na kugandia pale. Nyama kwenye dohani ililegea, na alipoikata akakuta funza weupe wamejaa, ingawa moshi wa mwaka mzima ulikuwa umeipitia. Shuka alilolifuma kwa ajili ya kitanda cha harusi lilikuwa na doa. Alilifua kwa majivu, akalianika juani, na alipolikunja doa lilikuwa limerudi, bichi, tena lina uvuguvugu kama kitu kilichotoka mdomoni sasa hivi. Aliitupa nguo ile sakafuni akatapika mlangoni.

Gilbert alipita akiziba pua. "Kulikoni, mtoto wa mwisho? Baba alikupendelea, sasa vyote vinakuozea. La kuvunda halina ubani."

"Niache, kaka."

"Nikuache vipi, nami naishi na uvundo wako?"

Jumapili baada ya ibada alikwenda kula kwa mama yake Edmund. Ilikuwa mchana mweupe, dirisha wazi, meza imetandikwa kitambaa, bata choma katikati, na mama mkwe mtarajiwa akimsifu kwa jinsi anavyokaa kwa adabu. Na hapo ndipo Thomasin alipohisi kitu kikipanda kifuani mwake, kizito, kikikwaruza, si kikohozi chake, akakiminya, akanywa bia kukirudisha chini, kikapanda tena, kikamjaa kooni, na kabla hajainuka mezani alikuwa amekwisha kutoa sauti ile ya baba yake, ile ndefu ya kukusanya ambayo nyumba nzima ilikuwa ikiisikia kila alfajiri, akatema kwenye sahani mbele ya watu, donge la kijani, na mkono wake mwenyewe, huku akiutazama na kuuomba usifanye hivyo, ukanyoosha kidole gumba, ukaligeuza, ukaligeuza tena, kisha ukajifuta kwenye kitambaa cha meza.

Mama yake Edmund aliichukua sahani kwa ncha za vidole, akaenda nayo nje na kuitupa jalalani, sahani yenyewe.

Edmund alimsindikiza hadi kwenye lango, akitembea mbali naye kidogo. "Thomasin," alinong'ona, "ule haukuwa mkono wako."

"Najua."

"Mimi nakutaka wewe. Njoo mikono mitupu kama itabidi. Lakini uje peke yako."

Alikwenda moja kwa moja kwa Bibi Wix, mganga wa pale kijijini, aliyeponya chunjua na kutafuta vilivyoibwa. Bibi kizee alimnusa kwapani, akamchungulia kooni, akakunja uso.

"Huyu si jini wa kuzurura. Huyu ana haki ya kukaa. Mwanangu, baba yako roho yake alimwachia nani?"

Thomasin alifungua kinywa kusema kwa Mungu, akakumbuka ile nafasi tupu juu ya karatasi. Akakumbuka pia kwamba alicheka.

"Hakumwachia mtu," alisema kwa sauti ndogo.

"Na vyote visivyoachiwa mtu ni vya nani?"

Binti wa watu alishika koo lake kwa mikono miwili. "Mtoe, bibi! Nakuomba, mtoe!"

"Kilichorithiwa kwa haki hakifukuzwi, hata na kasisi. Hutolewa zawadi tu. Ila zawadi lazima mtu aikubali kwa kinywa chake, mbele ya mashahidi wawili. Ni urithi ndio hauulizi mtu." Bibi Wix alirudi kwenye kiti chake akajifuta mikono. "Mtafute anayetaka vingi."

Hakuhitaji kutafuta mbali. Kesho yake, uani, mbele ya Simon Fuller na mwashi mmoja, Thomasin alimwambia Gilbert: "Kaka, chukua mabaki yote ya baba niliyopewa. Yanayoonekana na yasiyoonekana."

"Ngazi pia?"

"Yote. Lakini nakwambia ukweli, humo hakuna kizuri."

"Kizuri na kibaya nitachambua mwenyewe. Nayakubali, nyie ni mashahidi!" Gilbert akacheka hadi meno ya mwisho yakaonekana.

Je, alipaswa kumwambia zaidi? Alipaswa. Mwenye kusimulia haya hamtetei. Mtaka yote hukosa yote, watu husema, lakini Gilbert aliyapata yote, na dada yake alisimama pale akihisi kifua kinakuwa chepesi, na alipomwona kaka yake akikunja uso ghafla, akakohoa kidogo, akashika koo, alichukua kitambaa chake cha kichwa akaondoka bila kuaga.

Aliolewa na nguo aliyovaa. Nyumba ya Edmund ilinuka sufu na sabuni, na asubuhi alikuwa akilala macho kusikiliza ukimya. Alizaa mtoto wa kike. Habari za Gilbert zilimfikia kwa vipande: hamna mfanyakazi anayekaa kwake, ng'ombe hawataki awakamue yeye, mchumba wake amekimbia katikati ya chakula. Hakwenda kumtazama hata siku moja. Aliambiwa tu kwamba kaka yake ameonekana akitoka kwa Bibi Wix, na Bibi Wix hakuwa mchoyo wa ushauri.

Gilbert alikufa kabla ya Krismasi ya pili. Simon Fuller aliwaita ndugu kusoma wosia katika ile ile nyumba ya zamani. Thomasin alikaa kwenye benchi karibu na Edmund, mtoto mapajani, akijiambia kwamba kaka yake hakuwa na sababu ya kumwachia kitu.

Safari hii karatasi haikuwa na nafasi tupu. Simon alisoma bila kuinua macho.

"Kwanza, roho yangu naikabidhi kwa Mungu aliyeniumba. Pili, ile nyingine, niliyopewa uani na dada yangu Thomasin, namrudishia mwenyewe, aitunze kama alivyomtunza mzee akiwa hai. Tatu, ng'ombe..."

Edmund alinyoosha mikono, akamtwaa mtoto kutoka mapajani mwa mkewe, akasogea hadi mwisho wa benchi. Thomasin hakumlaumu. Macho yake yalikuwa yakizunguka chumba kutafuta lile bakuli la udongo, kwa sababu koo lilikuwa limekwisha kujaa.