Mfuko wa Sugarmaa

Kila asubuhi, kabla ya chai, Solongo alibeba kikapu mgongoni akaenda kuokota mavi makavu ya ng'ombe ya kuwashia jiko. Siku hiyo aliporudi, alimkuta Bibi Dolgor nje ya hema akirusha maziwa angani kwa mwiko wa mbao, huku akinong'ona dua zake kama kawaida. Mama wa kambo, Sugarmaa, alikuwa nyuma ya hema. Yeye hakuwa anaomba dua. Alikuwa anachomoa waya.

Haikuwa mara ya kwanza. Mawingu yakianza tu kujikusanya nyuma ya mlima, Sugarmaa alikwenda kuchomoa waya wa sola, kisha wa dishi la runinga. Picha ilipotea, simu haikupata chaji, na ukimuuliza alijibu neno moja tu: baadaye. Solongo alikuwa na miaka kumi na miwili, na moyoni alishakata shauri kwamba yule mwanamke alikuwa na jambo lake.

Sugarmaa aliolewa na baba yake majira ya kuchipua, akaja na mtoto wake wa miaka mitano, Dulguun. Ilijulikana kwamba mume wake wa kwanza alifia kwenye kambi ya malishoni. Alikufaje, hakuna aliyesema. Bibi Dolgor hakutaka mabaya yazungumzwe ndani ya hema, kwani wazee wa bonde lile waliamini kwamba anayeitaja balaa anaialika. Hata radi haikuitwa kwa jina lake. Ilisemwa tu "ile ya juu", tena kwa sauti ndogo.

Basi Solongo akawa anachunguza kimyakimya. Alimwona Sugarmaa akigongomea nondo ardhini, chini ya nguzo ya dishi, na kuifunga kwa waya mnene. Bibi alinung'unika kwamba ardhi haitobolewi hivyo. Sugarmaa akainamisha kichwa kwa heshima, lakini nondo hakuing'oa. Tena, kila baba alipokwenda kwa pikipiki kuwaangalia farasi wake, Sugarmaa alisogeza pikapu hadi karibu na mlango, ikaelekea barabarani. Kisha sweta jekundu la Solongo likapotea.

Alipokuwa akilitafuta ndipo alipouona mfuko, nyuma ya mlango, umefunikwa kwa tandiko la farasi. Akaufungua. Juu kulikuwa na nguo za Dulguun, tochi, chupa ya maji na jibini kavu. Akasikia hatua za mtu, akaufunga upesi bila kufika chini.

Mchana huo alimsimulia rafiki yake Khulan, walipokutana kisimani wakinywesha kondoo. Khulan alisikiliza huku akitafuna jani.

"Mke wa mjomba wangu aliondoka hivyohivyo," alisema. "Alichukua mpaka ndoo ya kukamulia. Wewe nenda kahesabu masufuria yenu."

Solongo hakucheka. Aliporudi nyumbani, baba alikuwa ameshaondoka. Sugarmaa alikuwa nje anakamua farasi majike, na Dulguun anachezea vifupa vyake vya kondoo sakafuni. Solongo akautoa ufunguo wa pikapu kwenye msumari, akauficha ndani ya buti lake. Kisha, kwa kuwa mieleka ya sikukuu ilikuwa inaonyeshwa na bibi alitaka kutazama, alizichomeka tena zile nyaya. Bibi akasogeza kigoda chake karibu na jiko, pembeni ya runinga. Wote wawili walikaa wakimshangilia mwanamieleka mnene wa bukta ya bluu.

Mlango ukafunguliwa kwa nguvu. Sugarmaa aliingia akihema, nyuma yake anga limekuwa jeusi kama chungu. Alimnyakua Dulguun kwa mkono mmoja na mfuko kwa mkono mwingine, akamwambia bibi aachane na jiko atoke. Akapeleka mkono kwenye msumari. Hakukuta kitu.

"Ufunguo uko wapi?"

"Unampeleka wapi Dulguun?" Solongo alisimama mlangoni.

"Kwenye gari. Nawe pia, na bibi. Nipe ufunguo, mwanangu."

"Sikupi. Ukitaka kutukimbia, msubiri baba kwanza."

Ngurumo ikapita juu yao, vyombo vikatetemeka kabatini. Sugarmaa alimtazama yule binti, kisha akautazama mfuko mkononi mwake, na uso wake ukabadilika. Alikuwa ameelewa anashukiwa nini.

"Radi, Solongo," alisema. "Radi ndiyo iliyomuua baba yake Dulguun. Alikuwa amekaa karibu na jiko, kama hivyo alivyokaa bibi. Waya wa dishi ulikuwa umechomekwa, na hapakuwa na nondo ya kuipeleka ardhini."

"Usiitaje, mwanangu," bibi akanong'ona.

"Tangu nifike hapa sijaitaja, mama. Na imekuja."

Solongo alikaa chini akavua buti.

Walikimbia kwenye mvua, bibi katikati wamemshika huku na huku, wakajibana ndani ya pikapu. Sugarmaa akafunga vioo vyote na kuwaamuru waweke mikono mapajani, wasiguse chuma chochote. Mara dunia ikawa nyeupe. Mlio uliofuata haukusikika masikioni tu, uliingia mpaka kwenye meno. Nguzo ya dishi ilitoa cheche, na kutoka kwenye hema moshi ukaanza kupanda.

Solongo alishika kitasa. Sugarmaa akamvuta mkono. Wasitoke, alisema, hata mvua ikipungua, mpaka ngurumo zinyamaze kabisa na zikae kimya muda mrefu. Hema linashonwa, mtu hashonwi.

Dulguun alikuwa anatetemeka kwa baridi. Solongo aliambiwa afungue mfuko amtafutie nguo kavu. Akatoa za Dulguun, akatoa dawa za presha za bibi na dawa ya kupaka ukiungua. Chini kabisa lilikuwa sweta lake jekundu, limekunjwa vizuri, na kiwiko kilichokuwa kimetoboka kimeshonwa. Alilishika mapajani, asiweze kulivaa wala kulirudisha.

Radi ilipokwenda zake, walizima moto uliobaki kwenye ukuta wa sufu wa hema kwa maji, na bibi akashikilia, kwa desturi ya wazee, wamwagie na maziwa ya farasi. Runinga ilikuwa imepasuka katikati. Betri ya sola ilikuwa imefumuka. Kigoda cha bibi kilikuwa kimeungua mguu mmoja.

"Zile nyaya nilizichomeka mimi," Solongo alisema, bila kuinua macho. "Nilidhani unatuhujumu. Nisamehe."

"Nilizichomoa bila kukwambia sababu," Sugarmaa akajibu. "Ungejuaje?"

Bibi Dolgor alikitazama kile kigoda, kisha akawaita wote wawili wakae.

"Nilidhani nikinyamaza nawalinda," alisema. "Kumbe nimemfanya huyu aogope peke yake, na huyu amshuku mtu aliyetaka kumwokoa. Sikilizeni. Hatari tuiseme waziwazi, kila mmoja ajue la kufanya kabla haijafika. Na wewe, Solongo, ukiwa na shaka na mtu, mwendee umuulize. Usimfichie ufunguo. Leo karibu tufe wanne kwa swali ambalo halikuulizwa."

Solongo aliitikia. Kisha akamgeukia Sugarmaa.

"Na kama niko na kondoo, mbali na gari?"

"Unashuka kwenye farasi, unakwenda mahali pa chini. Unakaa mbali na mti ulio peke yake, mbali na nguzo na kamba ya kufungia farasi. Unachuchumaa, miguu pamoja."

"Na Khulan akiwa nami?"

"Mnaachana mbalimbali, msishikane."

"Na akipigwa?"

Sugarmaa alivuta pumzi. Hilo hakuwahi kulisema kwa mtu yeyote. Akaanza kumwonyesha, polepole, jinsi ya kukibonyeza kifua cha mtu aliyeacha kupumua. Bibi Dolgor naye akasogea karibu aone, akauliza swali lake.